Kivuli Kilichokwenda Kazini

Harufu ya dawa ya maua ilimtangulia Mama kuingia nyumbani. Ilikaa kwenye leso yake, kwenye nywele, hata kwenye chai aliyotupikia. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Karagita, karibu na Ziwa Naivasha, Mama, kaka yangu Wekesa na mimi. Yalikuwa majira ambayo waridi huhitajika sana ng'ambo, na Mama aliondoka alfajiri kwenda shamba la maua akarudi giza limeingia, Jumapili pia. Sisi watoto hatukutulia. Tuliingia ndani, tukatoka, tukasimama barabarani kutazama vumbi, tukagombana bila sababu.

Jumapili moja Mama Chebet, jirani mwenye televisheni, alituita tuone filamu ya kuchekesha. Mtu mmoja mvivu aliamka akakuta kivuli chake kimejua kusimama chenyewe, basi akakituma ofisini, yeye akarudi kulala. Kivuli kilipenya chini ya mlango, kikabeba mafaili, kikagombezwa na mkubwa wa kazi. Chumba kizima kilicheka isipokuwa Wekesa. Stima ilipopotea katika ile ofisi na kivuli kikaendelea na kazi, alishindwa kuvumilia.

"Sasa ni giza. Hicho kivuli kimetoka wapi?"

"Kijana, acha tucheke," Mama Chebet akamwambia.

"Na kama kinapenya chini ya mlango, faili kinashikaje?"

Kuuliza si ujinga, lakini Mama Chebet aliongeza sauti ya televisheni. Filamu ilipokwisha, Wekesa aliinuka akatoka, nami nikamfuata.

Jioni tulimsimulia Mama, miguu yake ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Wekesa alieleza upuuzi wa ile filamu kwa hasira, kana kwamba alikuwa ameibiwa. Mama alicheka hadi akajifuta machozi, kisha akauliza, "Na jioni, ni nani aliyeumwa mgongo?"

Tulikumbuka mwisho wa ile filamu. Yule mtu aliamka na nguvu tele, na kivuli kilirudi miguuni pake kama kawaida.

"Hakuna," Wekesa akasema.

"Basi hapo ndipo walipodanganya kabisa."

Siku zote Mama alituambia mchumia juani hulia kivulini. Jioni ile hakuisema methali hiyo. Alikausha miguu polepole, akasema, "Jumapili ijayo siendi."

Tulijua waliokataa kazi ya Jumapili hawakuongezewa mkataba. Hata hivyo alibaki. Alitupeleka kanisani, akapika chapati, lakini kila basi la shamba lilipopita aliinuka akachungulia dirishani. Wekesa aliuliza kama atafukuzwa, akauliza tena, hadi Mama akampa unga aukande. Msimu ulipokwisha, jina la Mama halikuitwa. Tulihamia Kiamunyi, nje ya mji wa Nakuru, akawa anafua nguo za watu. Tulikula sukuma wiki hadi tukaichoka, lakini Jumapili zilikuwa zetu.

Siku hizi nafanya kazi kwenye kompyuta, nyumbani kwangu, huko huko Kiamunyi. Hakuna basi linalonichukua alfajiri, simu inatosha. Jumapili iliyopita Mama alikuja kunitembelea, akanikuta namjibu mkubwa wangu huku maziwa yakichemka.

"Nafula, huyo mtu hajui leo ni siku gani?"

"Anajua, Mama."

"Na wewe?"

Niliiweka simu kabatini, nikafunga, nikaketi kando yake. Akaanza kunipa habari za Wekesa na watoto wake. Niliitikia kila alipotua, lakini nusu ya maneno yake yalinipita, kwa maana masikio yangu yalikuwa kabatini.