Shangazi Husoma Lawama Tu

Shangazi yangu muuguzi akirudi kutoka zamu hujitupa kwenye kochi, huinua miguu iliyovimba juu ya stuli, kisha hutafuta viatu kwenye simu. Kidole chake huruka sifa zote za wanunuzi na kutua kwenye lawama, maana mara ya mwisho aliletewa viatu viwili vya mguu wa kushoto.

“Shangazi, watu mia tatu wamevisifu hivi.”

“Hao hawajasimama saa kumi na mbili mfululizo, mwanangu.”

Jana alikwama kwenye lawama ya mpishi mmoja: viatu vimepauka baada ya mwaka mzima wa kusimama jikoni. Aliisoma mara mbili.

“Mwaka mzima,” alisema taratibu, “halafu analalamikia rangi.”

Akabonyeza kununua.