Majina Kumi na Moja

Darasa la nane lilinuka udongo. Mwaka nilioingia darasa hilo, kila dirisha lilikuwa limepangwa vyungu vibichi, mitungi iliyoinama upande na ng'ombe wa kufinyanga wasiokuwa na masikio, kwa sababu mfumo mpya wa elimu ulitaka kila mtoto ajue kutumia mikono yake. Udongo wenyewe tuliuchota kandokando ya mto Sabaki na kuubeba kwa ndoo, na siku za mvua chumba kizima kilijaa ubaridi na harufu ya mtoni. Tulisuka miaa, tulitia vifungo, tuliimba nota, tulipanda mchicha nyuma ya vyoo. Waliotutangulia miaka michache waliishia darasa la saba, wakafanya mtihani wao na mambo yakaisha. Sisi tuliongezewa mwaka mzima, pamoja na masomo ambayo hata walimu walikuwa wakijisomea kwanza ndipo watufundishe. Mimi niliyapenda. Nilikuwa mwepesi wa mikono na mzito wa hesabu, na katika chumba kile, kwa mara ya kwanza, mikono nayo ilipewa alama.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Mambrui, na baba yangu, Mzee Athmani, alikuwa mjumbe wa kamati yake. Alikuwa fundi cherahani. Kibarazani kwake ndiko zilikoshonwa sare za nusu ya watoto wa shule, kwa hiyo aliwajua wote kwa vipimo vya viuno na mabega, na wazazi walimsikiliza. Serikali ilipotangaza kwamba kila shule ijenge karakana kwa ajili ya masomo mapya, ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba akihimiza watu watoe mawe, chokaa na nguvu zao. Karakana ilisimama, ikaezekwa makuti. Kisha matokeo ya darasa la nane la kwanza yakatoka, na shule yetu ikawa karibu na mkia katika orodha ya wilaya. Orodha hiyo ilibandikwa ukutani mjini Malindi, watu wakaisoma wakiwa wamebeba vikapu vyao vya sokoni, na habari ikatufikia kabla ya mwalimu mkuu kurudi.

Mkutano wa wazazi ulifanyika mwanzoni mwa mwaka, ndani ya karakana ile ile, na sisi wa darasa la nane tuliachiwa kukaa chini mbele. Mwalimu wetu wa darasa aliitwa Nyevu. Alikuwa mwanamke mrefu wa kutoka Rabai, mwenye sauti ya taratibu, aliyetufundisha hesabu na sayansi na, tangu mfumo ubadilike, kilimo na muziki pia, ingawa hakujua kuimba na alikubali hivyo mbele yetu. Baba alisimama wa kwanza.

"Sisi tulitakiwa kujenga, tumejenga," alisema. "Tulitakiwa tuwaache watoto mwaka mwingine, tumewaacha. Sasa twataka kujua, hawa walimu kazi yao ni ipi? Mtoto asiyeweza arudishwe nyuma, na mwalimu asiyeweza aondoke."

Watu walipiga makofi. Mwalimu Nyevu aliambiwa asimame ajibu, naye akasimama, mikono ameifungia kifuani. Alieleza kwamba vitabu vya masomo matatu vilikuwa havijafika, na kwamba yeye mwenyewe alifunzwa masomo hayo mapya kwa semina ya siku tatu. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba visingizio havitiwi alama. Alisubiri kelele zipungue, zilipokosa kupungua akakaa. Nilimtazama, kisha nikamtazama baba, na nakumbuka nilijivunia baba.

Mwalimu mkuu aliahidi mkutano kwamba mwaka huo shule ingepanda. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Nilikuja kusikia baadaye kwamba yeye na wenzake wa shule za mkiani waliitwa Kilifi, kwenye ofisi ya elimu ya wilaya, wakasimamishwa mbele ya walimu wakuu wengine na kuulizwa mmoja mmoja kama kazi imewashinda. Shule ilipimwa kwa wastani wa alama za wote waliofanya mtihani, na njia ya haraka ya kuupandisha wastani si kufundisha, ni kupunguza watu. Muhula wa kwanza ulipokaribia kwisha tulifanya mtihani wa majaribio. Mimi nilikuwa nimelala kwa malaria wiki mbili, lakini hata bila malaria nadhani ningefanya vibaya. Siku ya pili baada ya alama kutoka, wanafunzi kumi na mmoja tuliitwa ofisini. Mwalimu mkuu hakutugombeza. Alisema majina yetu hayatapelekwa Kilifi kusajiliwa kwa mtihani, kwamba turudi darasa la saba tujiimarishe, na kwamba hilo ndilo lililokuwa ombi la wazazi wetu wenyewe.

Nilihamisha vitabu vyangu mchana ule ule. Kadzo, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja tangu darasa la nne, alihamisha vyake pia. Tukakaa nyuma kabisa, magoti yamegonga ubao wa dawati, kati ya watoto waliokuwa wakitucheka bila hata kuficha midomo. Nyumbani sikusema neno. Kila asubuhi nilimwamkia baba, nikapita na sare aliyonishonea, na kila jioni aliniuliza masomo yanaendaje, nikamjibu kwamba yanaendelea. Hofu yangu haikuwa kiboko, maana baba hakuwa mpigaji. Niliogopa uso wake akijua kwamba mtoto asiyeweza, yule aliyemtaja mbele ya watu, alikuwa amekaa chini miguuni pake akimsikiliza.

Siku ya sita au ya saba Mwalimu Nyevu alikuja kibarazani. Nilikuwa nakata nyuzi za mikunjo ya sketi. Nilipomwona, mkasi ulinianguka.

"Shikamoo, Mzee Athmani."

"Marahaba, Mwalimu." Baba hakuacha kukanyaga cherahani. "Karibu. Kama ni mambo ya mkutano, mie nilisema yangu mbele ya watu."

"Si ya mkutano. Nataka sahihi yako." Alimfungulia karatasi. "Kuna watoto kumi na mmoja wametolewa kwenye mtihani. Wazazi wao wakiomba kwa maandishi, nitaipeleka barua Kilifi mimi mwenyewe. Nimepata sahihi saba."

Baba aliisoma ile barua huku mguu wake bado unakanyaga. Kisha mguu ukasimama.

"Rukia yumo?"

"Yumo."

"Tangu lini?"

Mwalimu alinitazama mimi, na baba naye akanigeukia. Ule uso niliokuwa nikiuogopa haukuja. Alionekana tu kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemjua.

"Na mimi ndiye niliyesema," alisema.

"Ndiyo, Mzee," alijibu Mwalimu Nyevu. Hakuongeza kitu, wala hakupunguza.

Baba aliitafuta kalamu kwenye kopo la vifungo, akaandika jina lake lote, la babake na la babu yake, kama anavyoandika mtu kwenye hati ya shamba. Mwalimu alikunja karatasi akaaga. Jumatatu hakuonekana shuleni, Jumanne alirudi, na Jumatano mwalimu mkuu, bila kumtazama mtu, alituambia sote kumi na mmoja turudi darasa la nane. Kuanzia siku hiyo hadi mtihani, yeye na Mwalimu Nyevu hawakusemeshana ila kwa kupitia mwanafunzi anayetumwa.

Mwalimu Nyevu alitubakiza kila siku baada ya masomo, sisi kumi na mmoja peke yetu, na kutufundisha sehemu na asilimia kwa kukata mikate ya udongo. Ningependa kuandika kwamba sote tulifaulu, lakini haikuwa hivyo. Watano tulipata alama za kutosha kuingia shule za kutwa za harambee. Sita hawakupata kitu, na Kadzo alikuwa miongoni mwao. Aliolewa Mariakani kabla sijamaliza kidato cha kwanza. Shule ilishuka ngazi nyingine katika orodha. Haukupita mwezi, Mwalimu Nyevu alipata barua ya uhamisho kwenda bara, kwenye ukame, shule isiyokuwa na nyumba za walimu wala maji.

Kamati ilipokutana, baba alisimama akasema kwamba ile barua ya Kilifi ina sahihi yake, na kama ni kosa, basi ni lake kabla halijawa la mwalimu. Aliambiwa jambo limeamuliwa juu. Akatoka, na hakuhudhuria tena kamati mpaka kufa kwake. Lakini sikuwahi kumsikia akimwomba Mwalimu radhi, wala siku alipoondoka hakwenda kumuaga. Alikaa kwenye cherahani yake kutwa nzima, akishona sare za mwaka mpya.

Leo mimi ni karani wa zahanati, na mfumo ule uliotuletea udongo darasani umeondolewa, umeletwa mwingine. Nasikia redioni watu wakibishana maneno niliyoyasikia nikiwa nimekaa chini karakanani: vitabu havijafika, walimu wamefundishwa kwa semina, wazazi wametwishwa mzigo. Orodha za shule hazibandikwi tena ukutani, na usajili wa mtihani hufanywa kwa kompyuta. Nilidhani mengine yote yamebadilika pia. Mwaka jana nilimtafuta Mwalimu Nyevu, nikamkuta kwao Rabai, mzee, macho yake yamepungua nguvu. Nilikwenda na kitindamimba wangu, Swafiya, aliyekuwa gredi ya tisa. Mwalimu hakunikumbuka mimi, wala baba yangu. Ile barua aliikumbuka, ila hakuona kwamba ni jambo kubwa. Alisema fomu ya mtihani ilitaka majina ya walio darasani, naye alijua walio darasani ni nani.

Swafiya alikuwa akisikiliza. "Kwani Mama, nanyi mlikuwa mkihamishwa?" aliuliza.

Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema darasani mwao kuna watatu walioambiwa wakafanyie mtihani kituo kingine, ili wasiiharibie shule. Alisema hivyo kwa wepesi, kama anayetaja ratiba ya masomo. Mwalimu Nyevu aliweka kikombe chake chini, akamgeukia mtoto wangu, akamuuliza kwa sauti yake ile ya taratibu.

"Wanaitwa nani?"