Mkataba wa Kuitika

Ng'ri. Bangili ya shaba ikigonga chuma cha kitanda. Hadi uzeeni, akiwa amesharudi kwao Ushirombo, Lukresia aliisikia sauti hiyo akichagua mchele au akisali rozari, na mwili wake uliinuka kabla ya akili. Ndivyo Bibi Nshoma alivyomwita kwa miaka yote aliyomuuguza pale Shinyanga.

Alikwenda huko mwaka 1972. Alikuwa ameachika kwa kutopata mtoto, na kwao walimpokea bila kumuuliza neno. Masista wa misheni walikuwa wamemfundisha kumgeuza mgonjwa ili mgongo usichubuke. Kwa hiyo Stanslaus, karani wa pamba, alipotafuta mtu wa kukaa na mama yake aliyepooza upande mmoja, Lukresia ndiye aliyetajwa.

Waliandikiana mbele ya Mzee Donatus, balozi wa nyumba kumi. Mshahara, chakula, doti ya khanga kila Krismasi, kitanda chumbani kwa mgonjwa, ruhusa ya kwenda misa. Mzee Donatus alisoma yote kwa sauti, akatikisa kichwa.

"Mke wangu nilimchukua kwa maneno machache kuliko haya. Tena yeye hata likizo hana."

"Ndiyo maana kila mavuno anakutorokea kwao!" Melania, mke wa Stanslaus, alimrushia kutoka jikoni.

Lukresia alicheka, akasaini. Sharti la mwisho halikuandikwa. Stanslaus alimwambia mlangoni, balozi alipokwisha kuondoka.

"Dada, akili ya mama inakwenda na kurudi. Atakuita Mbuke. Alikuwa dada yangu, amefariki. We itika tu."

"Nitaitika, Baba Gregory."

Akaitika. Aliitika akimwosha, akimlisha uji, akimpaka samli magotini. "Mbuke!" "Abee, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, alilijua neno hilo kabla ya mengine yote. Bibi alimkemea kwa kuchelewa kisimani, alimsuka kwa mkono mmoja, alimuuliza kama ndama amenyonya, na Lukresia alijibu kwamba amenyonya, ameshiba, amelala. Jina lile lilimkaa kama nguo ya marehemu inavyomkaa mrithi: mwanzo inapwaya, kisha unasahau kwamba haikushonwa kwa ajili yako.

Masika ya mwaka wa nne Bibi aliacha kula. Mchana mmoja, mvua imekatika, bangili iligonga kwa udhaifu. Lukresia akasogea.

"Mbuke. Umenisamehe?"

Hapo hakuitika. Bibi alirudia, jicho lake zima likimtazama bila kupepesa. Lukresia akatoka uani, akamkuta Stanslaus anapasua kuni.

"Anaomba msamaha. Alimkosea nini Mbuke?"

Stanslaus aliweka shoka chini.

"Mwambie amesamehewa, yaishe. Huoni anakwenda? Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana niitike, Baba Gregory. Hatukukubaliana nisamehe. Marehemu ni wenu. Nitasameheje nisichokijua?"

Stanslaus alisema akiitazama ile kuni, si yeye.

"Mumewe alikuwa anampiga. Akakimbia, akaja nyumbani na mimba, miguu imevimba. Mama akamkuta pale kwenye ua wa minyaa, akasimama njiani. Akamwambia, 'Rudi. Ng'ombe wako wameshaoa.'"

"Walimwoa nani?"

Stanslaus alielekeza kidevu jikoni, ambako Melania alikuwa akitwanga na kuimba.

"Mahari ya Mbuke ndiyo niliyomtolea yule. Mbuke angeachika, ng'ombe wangetakiwa, nasi hatukuwa nao tena. Akageuka. Hakulia hata. Kabla ya mavuno tukaletewa habari kwamba amekufa, yeye na mtoto tumboni."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani," alisema Stanslaus. "Nilisikia kila neno."

Lukresia alirudi chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda, na moyo wake ukaogopa kama ambavyo haukuwahi kuogopa kifo cha mgonjwa. Akisema amesamehe, atakuwa anamsemea mwanamke aliyefukuzwa, ambaye hakuna aliyemuuliza lolote akiwa hai. Akikaa kimya, mwili huu alioujua kila mfupa utakwenda kaburini na kiu yake. Wapo waliosema baadaye kwamba angetamka tu, kwani neno lina uzito gani? Lakini Lukresia alikuwa mtu wa kupima neno kabla ya kulitoa, na siku ile alilipima huku mkono wa Bibi ukizidi kupoa ndani ya mkono wake. Nje, mchi uliendelea kutwanga.

"Mbuke," alisema Bibi, sauti imebaki pumzi tu. "Nilisimama njiani."

Lukresia alimpangusa kipaji cha uso, akainama hadi midomo yake ikagusa sikio lile kavu.

"Nimeshaingia ndani, mayu."