Mgeni Aliyetaka Kutazamiwa Karata

Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu uniache nimalize. Mimi ni mtu wa kanisa, sinywi, na siku hiyo sikuwa mgonjwa. Haya niliyaona kwa macho yangu hapo Noonkopir, miaka ya tisini, wakati pundamilia walikuwa bado wanakula nyasi nyuma ya ploti zetu za kupanga za Kitengela.

Nilikuwa na karata, zile za kawaida zenye picha za mfalme na malkia. Shangazi yangu kule Machakos ndiye alinifundisha kuwatazamia watu. Unachanganya, mwenyewe anakata, unafunua tatu, unamwambia habari ya safari au ya mchumba. Wanawake wa ploti walikuwa wakija, tunacheka, kisha kila mtu anaenda kupika. Kwetu ulikuwa mchezo tu.

Kwenye mlango unaofuata alikuwa amehamia jirani mpya, Baba Penina, Mjaluo mpole, fundi wa umeme. Alikuja kutoka Kajiado mjini na dadake Atieno, na katoto kachanga. Mke wake alikuwa ameaga dunia siku chache baada ya kujifungua, wakamzika kwao, halafu yeye akapata kazi huku. Hayo ndiyo tuliyoyajua. Na huyo mtoto, niamini, alikuwa analia! Kila jua likianza kuzama, analia mpaka sauti inakauka. Hospitali hawakuona ugonjwa. Tulimwombea, wapi. Alikuwa amekonda hadi Atieno akaanza kuogopa kumwogesha.

Jioni moja nilikuwa mlangoni nachagua maharagwe. Nikainua macho, nikaona mwanamke amesimama mbele yangu. Sikusikia geti. Alikuwa na sweta ya kijani, vifungo vimefungwa kombo, hana viatu, vumbi hadi magotini. Akaniuliza kama ni mimi ninayetazamia watu karata. Nikamkaribisha kwa stuli.

Akasema ametoka Kajiado kwa miguu. Nani hutoka Kajiado kwa miguu? Nikafikiri labda amekosa nauli, nikamhurumia. Alikuwa anatafuta mtoto wake. Alirudi pale walipokuwa wakikaa, akakuta wamehama, na kila aliyemuuliza alimpita kama hamwoni.

Nikachanganya karata, akakata. Vidole vyake vilikuwa baridi. Nikafunua ya kwanza, malkia wa kopa. Ya pili, malkia wa kopa. Nikajua nimekosea, nikazirudisha zote, nikachanganya upya. Malkia wa kopa tena. Pakiti nzima huwa na mmoja tu, sivyo? Lakini ningemfukuza vipi mtu anayelilia mtoto?

Nikamwambia nilichoona: mtoto hajaenda mbali, na anayemlea anampenda.

Hapo ndipo mtoto wa jirani akaanza kulia. Yule mwanamke akageuza kichwa, na mbele ya sweta yake nikaona panalowa maziwa, pande zote mbili.

Tukamsikia Atieno ng'ambo ya ukuta, amechoka, anabembeleza: “Penina, nyamaza mama. Penina, nyamaza.”

Mgeni akanitazama. “Penina ni mimi,” akasema.

Akageukia ukuta, akasikiliza.

“Wamempa jina langu,” akasema polepole. “Kwa hivyo hawakunisahau.”

Uso wake ukalegea, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Akasema asante, akainuka, akapita karibu na ukuta wa jirani. Nilipochungulia, kiwanja kilikuwa kitupu, geti limefungwa. Na mtoto alikuwa amenyamaza.

Nilikaa siku mbili bila kumwambia mtu. Kisha nikamweleza Atieno, na nilipotaja sweta ya kijani akaketi chini. Yeye mwenyewe ndiye alimvalisha wifi yake siku ya kumzika, akilia hadi vifungo vikamshinda. Baba Penina alisikia yote akiwa amesimama mlangoni. Aliniuliza jambo moja tu, kama mkewe alionekana amechoka. Nikamwambia alipofika, ndiyo. Alipoondoka, hapana. Akafunika uso kwa mikono, na alipoitoa alikuwa anatabasamu.

Mtoto hakulia jioni tena. Alinenepa, akatembea, na miaka ya elfu mbili ilipoingia alikuwa anaruka kamba hapo nje na wenzake, akipiga kelele kuliko wote.

Karata nilizichoma kwa jiko, sikununua nyingine. Wewe ukiwa nazo nyumbani, cheza na watoto wako, hakuna ubaya. Lakini kumtazamia mtu usiyemjua, acha kabisa. Na kama umeshazifunua, na mtu akakuuliza kama mtoto wake yuko salama, tafadhali usimjibu kwa mzaha. Hujui ametembea kutoka wapi.