Nilie Nini?

Shemeji yangu, mkaguzi wa mabomba ya maji, hajui kulia wala kushoto. Simsingizii. Miaka ishirini na miwili alizunguka msituni kwa baiskeli, kutoka chemchemi hadi kwenye matangi, dada yangu akiwa nyuma kwenye keria na daftari la vipimo, akimwelekeza. Dada akisema, "Kulia," yeye hujibu, "Nilie nini?" Wakicheka wote wawili, kila siku, kichekesho kilekile. Sisi wengine kilishatuchosha.

Dada alifariki miezi mitano iliyopita. Shemeji hakutoa chozi, si makaburini, si nyumbani. Ukimpa chakula anakula, ukimwambia alale analala. Kazini ameshapotea mara mbili. Mara ya pili walimkuta kesho yake amekaa kando ya baiskeli, wala hakuonyesha kufurahi. Bosi akasema akipotea tena anahamishiwa stoo. Huko, mimi namjua, atakaa kwenye kiti mpaka naye tumzike. Ndipo nikamburuta dukani tukatafute GPS.

Muuzaji alileta mbili. Ya kwanza nyembamba, ina kioo kipana cha kugusa, inapendeza kweli. Nikauliza, je, mvua ikinyesha? Akakiri kwamba vidole vikilowa haisikii. Kizuri hakikosi ila. Ya pili nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, ina vitufe, inatumia betri ndogo za kununua popote, inafungwa kwenye usukani, na inatoa maelekezo kwa sauti.

Nikamuuliza shemeji anataka ipi. Akasema yoyote. Nilitamani kumzaba kibao. Nikachagua ile nene, muuzaji akaifunga kwenye baiskeli, akaiwekea Kiswahili na njia ya kurudi nyumbani, tukatoka kuijaribu. Yeye akawa anaendesha polepole, mimi natembea kando yake.

"Baada ya mita hamsini, kulia," ikasema.

Shemeji akafunga breki, akateremka. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaiuliza, kwa sauti ya chini, "Nilie nini?"

Haikucheka. Ikarudia tu, vilevile: "Kulia."

Nikamshikia baiskeli, shemeji akalia.