Miwani Isiyoonyesha Macho

Baba yangu alisema mengi kwa macho kuliko kwa mdomo, na sababu ya hilo nilikuwa mimi. Nikiwa bado mdogo, kabla ya kuanza shule ya masista, niliugua homa iliyonilaza kwa muda mrefu. Nilipoinuka kitandani masikio yangu hayakuinuka pamoja nami. La kulia lilikufa kabisa. La kushoto lilibaki na uwazi mdogo: ukinisogelea na kupaza sauti nilisikia, ukisema kutoka mlangoni niliona tu midomo ikicheza. Mama alizungumza nami kwa mikono. Yaya, dada yangu mkubwa, alinirudia kila neno huku amepanua kinywa kama anayeimba kanisani. Baba alitumia macho. Nyusi zikipanda, maana yake njoo. Kope zikishuka polepole, nyamaza, kuna mgeni. Macho yakipanuka ghafla, simama hapo ulipo. Na kulikuwa na namna moja ya kubana jicho la kushoto ambayo haikuwa na tafsiri, ila nilipoiona nilicheka.

Tulikaa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Élisabethville, wakati wa Wabelgiji. Wazazi wangu walitoka kaskazini ya Katanga. Baba alianza kwa kutupia makaa motoni, akapanda mpaka akawa mashinisti, yaani yeye mwenyewe ndiye aliyeendesha garimoshi, na njia yake ilikuwa ya Sakania, mpakani. Asubuhi aliondoka akielekea jua linakochomoza, na jua lilimpiga usoni safari nzima. Kiangazi kilipofika, vumbi jekundu likisimama hewani na anga likiwa halina hata wingu la kukopa, alirudi nyumbani macho yamekuwa kama ya mtu aliyelia msibani. Mama alimwosha kwa maji ya chumvi. Asubuhi baba alikwenda tena.

Mwishowe akaenda zahanati. Muuguzi akamvuta kope, akatazama, akasema:

"Baba, jua njo inakuchoma. Na ile moshi. Utafute lineti nyeusi, ile ya kukata mwangaza. Ukikawia, kanyama katamea ndani ya jicho."

Njo kwetu ni ndiyo, na lineti ni miwani. Tulichukua neno la Kifaransa tukalifanya letu. Jumamosi iliyofuata baba alivaa koti lake la Misa, akanishika mkono, tukaenda mjini pamoja na yaya.

Duka lilikuwa la mzee mmoja Mwitaliano aliyeuza saa na miwani. Wazungu waliingia kwa mlango wa mbele. Sisi tulisimama kwenye dirisha la ubavuni, mahali penye kivuli kizuri cha jakaranda, na mzee yule alitujia huko na trei yake ya mbao. Swahili yake ilikuwa ya duka, lakini ilitosha.

Alichukua lenzi mbili ndogo zisizo na fremu, akazipanga moja juu ya nyingine, akaniinulia mimi nichungulie. Niliona jani la mti. Akaigeuza moja taratibu kwa kidole gumba, na jani likaanza kufifia, likafifia, mpaka pakawa giza tupu. Akaigeuza tena, jani likarudi. Nilimshika baba mkono wa koti. Nilidhani ni mazingaombwe.

"Haiko dawa," mzee alisema akicheka, na yaya akanirudia neno kwa neno. "Mwangaza ile inaruka juu ya mayi, juu ya vitre ya dirisha, juu ya rangi ya motokari, hii inaifunga mulango. Ile ingine inapita. Chuma itangaa bado kidogo, sitakudanganya."

Barabarani mbele ya duka palikuwa na motokari ya mtu, kioo chake cha mbele kikiwaka jua hivi kwamba hungeweza kukitazama. Baba alivaa miwani, akatazama, akavua, akatazama, akavaa tena. Uso wake ukafunguka.

"Kuna muntu ndani!" alisema. "Naona mpaka kofia yake!"

Basi hapo palibaki kuchagua. Kwenye trei zilikuwamo namna mbili. Ya kwanza ilikuwa nyeusi ya kawaida, inayoelekea rangi ya kahawa ukiishika juani. Ya pili ilikuwa imepakwa kwa nje kitu king'aacho kama kioo cha kujitazamia; aliyeivaa alikuona wewe, na wewe ulijiona mwenyewe.

"Ndani zote mbili ziko sawasawa kwa ile kazi ya kukata," mzee alieleza. "Ile ya kioo inasukuma jua zaidi inje. Muchana kati, muzuri sana. Lakini mawingu ikikuja, ama magaribi, itakuwa giza kwako. Na wewe iko mutu wa makaa. Vumbi ya makaa itaikwangula. Mimi ningekuwa wewe, ningebeba hii ingine."

Baba alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akavaa ya kioo, akajitazama katika dirisha la duka, akanyoosha mgongo.

"Niko sawa na rubani wa Luano," alimwambia yaya. Siku hizo watu walikwenda Luano Jumapili kutazama ndege zikitua, na marubani walipita mbele yetu na miwani kama ile, hawamtazami mtu, au labda walitutazama, nani angejua.

Tulirudi na ya kioo.

Jioni ile nyumba yetu ilijaa. Wanawake wa jirani walipanga mstari mbele ya baba yangu, mashinisti, aliyekaa kwenye kiti chake kama anapigwa picha. Mmoja alikaza kitambaa cha kichwa, mwingine akatazama meno. Mama akawasukuma:

"Mupite, mupite. Baba ya batoto, usitingishike, nione nywele za nyuma."

"Za nyuma utazionaje, na niko mbele yako?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikaingia kati, nikasimama mbele yake, nikainua uso ningoje aniambie kitu. Nikaona msichana mwenye paji kubwa la uso, mara mbili, kila upande mmoja. Nilingoja. Wale wasichana wawili walingoja pia. Mdomo wa baba ulisogea kidogo, nikajua amesema neno, lakini sikujua ni la kucheka au la kukemea. Nikatoka nje, nikaenda kukaa na kuku.

Siku zilizofuata nilimkimbia. Alipoingia nyumbani alivua miwani, ndiyo, lakini barabarani, kanisani mlangoni, sokoni, mahali pote tulipokwenda pamoja, alikuwa nayo. Mtu niliyemzoea aliondoka uso wake ukabaki. Mama alidhani nimedeka. Baba alidhani nimeona aibu ya kuwa na baba anayejionyesha, na jambo hilo lilimchekesha.

Kumbe naye alikuwa na vita yake, ambayo sisi watoto tuliijua baadaye. Mzungu mmoja wa depo, bwana mkubwa wa mashinisti, alimsimamisha asubuhi moja mbele ya wenzake.

"Vua hiyo. Nikisema na wewe, nataka kuona macho yako."

"Bwana, munganga njo alisema nivae."

"Alisema uvae ya giza. Hakusema uvae ya kujificha."

Baba aliivua, akajibu aliloulizwa, akaivaa tena papo hapo, bwana mkubwa akiwa bado amesimama. Tangu siku ile waliishi hivyo: mmoja kuamuru, mwingine kuvua, na kuvaa upesi kidogo kuliko ilivyo heshima. Mama alimwomba aibadilishe, asije akarudishwa kwenye makaa. Alikataa.

"Macho ni yangu," alimwambia. "Pale kazini ananiona mikono, ananiona mugongo, anajua saa ninaamka na saa ninalala. Abakie tu na kujiona mwenyewe."

Mama aliinamia chungu chake.

Mama alikuwa na shamba la muhogo upande wa Kasungami, na siku moja baba akiwa na mapumziko tulikwenda sote kuchimba. Njia ya huko ilikuwa ya vumbi, malori yakipita kwa zamu. Mama na yaya walitangulia na vikapu. Baba aliwavusha hadi upande wa pili, kisha akageuka kunitazama mimi niliyekuwa nimechelewa nikichuma maua ya porini. Jua lilikuwa utosini. Alikuwa na miwani yake.

Yaya anasema baba alipaza sauti. Anasema wote watatu walipaza sauti. Mimi niliona baba amesimama ng'ambo, uso umenielekea, na katika miwani ile anga jeupe limejaa pande zote mbili. Kama angekuwa na macho, ningeyaona yakipanuka, na ningesimama. Niliona anga, nikadhani ananingoja, nikavuka.

Nakumbuka joto la lori kuliko lori lenyewe. Nakumbuka kola ya gauni ikinikaba na kutoka mshono, kwa kuwa baba alikuwa amerukia katikati ya njia na kunivuta kwa hiyo. Tuliangukia majani ya ukingoni. Dereva hakusimama. Vumbi lilipotulia, baba alikuwa amepiga magoti mbele yangu ananipapasa miguu, mikono, kichwa, na miwani ilikuwa bado puani pake, imeinama upande mmoja. Nililia nikiyatazama machozi yangu mwenyewe ndani yake.

Ndipo akaivua. Akanitazama. Alichuchumaa kwenye majani, na macho yake mekundu yakaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza: tangu siku ile dukani, ulikuwa hunisikii?

Nikaitika kwa kichwa.

"Mama," alisema. Baba zetu huku huwaita binti zao hivyo. "Mama wangu." Sikuhitaji yaya kunirudia hilo.

Muhogo ulichimbwa siku nyingine.

Jumamosi alirudi peke yake kwenye dirisha la Mwitaliano. Mzee yule alizitazama lenzi, zilizokwisha kukwaruzwa na makaa kama alivyotabiri, akamwekea nyeusi za kawaida katika fremu ileile. Nyumbani baba alinisimamisha uani, mgongo wake ukiwa kivulini, akaivaa. Nyuma ya ile rangi ya kahawa niliyaona macho yake, hafifu, kama samaki chini ya maji, lakini yalikuwapo. Jicho la kushoto likabana.

Jumatatu bwana mkubwa wa depo alimwona, akatabasamu, akamgonga bega mbele ya wote. Tulikuwa tunakula baba alipotuletea habari hiyo, naye aligeuza kiti chake anielekee ili niupate mdomo wake vizuri.

"Alisema, 'Umesikia, hatimaye.' Anafikiri njo yeye alinishinda."

"Na weye ulimujibu nini?" mama aliuliza.

"Nilimujibu, ndiyo, bwana."

Hakucheka aliposema hivyo, wala mama. Alichukua tonge la bukari, ugali wetu, akalichovya kwenye sombe ya majani ya muhogo, akala. Nilikuwa mtoto, lakini niliona jinsi lilivyomshuka taratibu. Sasa nina wajukuu, na bado sijui kama baba zangu wengine, wale wa nyumba za jirani, wangeweza kulimeza.

Likizo ya shule mwaka ule alituombea tiketi za familia, tukapanda behewa la nyuma mpaka Sakania, yeye mbele kwenye mashine. Tulikaa huko siku ile tukingoja garimoshi la kurudi. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na karibu na stesheni palikuwa na kijito kilichojaa, maji yake yakimeta hadi kuumiza. Baba alinipeleka ukingoni, akavua miwani, akaniwekea mimi, akaishikilia kwa vidole viwili kwa sababu ilikuwa pana kuliko uso wangu. Mmeto wote ukafutika. Niliona mawe ya chini, moja moja, na majani yaliyozama, na kaa mdogo akitembea upande. Nilimwonyesha kwa kidole. Yeye, macho matupu juani, hakuweza kuona kitu, akainama karibu na sikio langu la kushoto na kusema kwa sauti kubwa:

"Unielezee."

Nikamweleza.