Chupa ya Esansi na Kijiji cha Mwisho

Kijiji cha mwisho katika mzunguko wetu wa chanjo kiko juu ya mlima, mbele ya Wamaza, na kwa miezi mitatu mfululizo hatukukifikia. Tulikuwa tukitoka Kasongo wawili: mimi muuguzi, nimekumbatia kisanduku cha baridi chenye chanjo, na dereva wa pikipiki mbele yangu. Tulikuwa na vijiji vitano na bidoni moja la esansi, dumu moja tu la petroli, kwa mwezi mzima. Vinne tulivimaliza kila mara. Cha tano kilitushinda. Mara mbili pikipiki ilikohoa na kunyamaza kabla hatujauona mlima, tukaisukuma kurudi Wamaza. Mara ya tatu hatukujaribu kabisa, kwa sababu dereva alilitikisa tangi, akatega sikio, akasema, "Humu imebakia harufu tu."

Siku hiyohiyo mama kiongozi wa wanawake wa kijiji kile alinikuta sokoni Wamaza, beseni la mihogo kichwani. Hakulitua.

"Mama munganga," alisema, "sisi tuko na mashamba. Tukisikia pikipiki yenu inalia kule mulimani, njo tunaacha majembe na kuleta watoto. Sasa masikio imechoka. Mwezi unaokuja tutasikiliza mara moja tena. Musipofika, musituite tena."

Watoto wa kule walikuwa wamepata chanjo ya kwanza na walisubiri ya pili. Mama akishaacha desturi ya kuleta mtoto, kumrudisha ni kazi ya miaka, nami nilijua kwamba yule mama hatishii. Anasema tu litakalotokea.

Njiani kurudi nilimuuliza dereva kwa nini esansi inaisha.

"Pikipiki iko na kiu. Ni muzee."

"Na ile ya jirani yako? Si zina umri mmoja?"

"Jirani yangu haendeshi, mama. Anatambaa."

Jibu hilo lilinikaa kichwani hadi nyumbani. Dereva wangu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye njia ya Salamabila, akibeba wafanyabiashara na mizigo yao kwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Kule anayefika kwanza ndiye anayepata abiria wa kurudi. Mkono wake ulikuwa umefundishwa hivyo: fungua mafuta yote, ruka, kamata breki kwenye shimo, fungua tena yote. Alikuwa dereva hodari. Sijawahi kuanguka naye hata siku moja. Ila nilianza kujiuliza kama kiu ni ya pikipiki au ni ya mkono.

Kazi yangu imenizoesha kupima kabla ya kusema. Nikafikiria namna ya kupima.

Mafundi wetu wa pikipiki wana desturi moja nzuri. Tangi likishika kutu, hutundika chupa ya plastiki kwenye usukani na kuiunganisha kwa kimpira chembamba, ili injini inywe kutoka kwenye chupa moja kwa moja. Nilimwomba fundi atufanyie hivyo kwa siku moja. Kisha nikabandika plasta ya vidonda kwenye ubavu wa chupa, kutoka juu hadi chini, nikaichora mistari kwa kalamu.

Dereva alicheka mpaka akaketi. "Mama munganga! Sasa pikipiki nayo unaipima joto? Basi uipige na sindano!"

"Tutaona kwanza inaumwa nini," nilimjibu.

Tulichagua njia moja: kutoka sokoni hadi kijitoni na kurudi, mzigo uleule, mimi na kisanduku changu mgongoni kwake. Safari ya kwanza nilimwambia aendeshe alivyozoea. Aliendesha. Kuku walitawanyika, mama mmoja akatutukana kwa lugha yake ya Kizimba, tukarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Esansi ilikuwa imeshuka mistari minne.

Safari ya pili nilimwomba aende polepole kabisa.

"Polepole ya namna gani?"

"Kama mtu anayetembea."

"Aa! Unataka niendeshe kama kuku mwenye vifaranga." Lakini alitii. Tulikwenda kwa gia ya kwanza na ya pili, injini ikinguruma chini yetu, watoto wakitukimbilia kando na kutupita. Mmoja alituuliza kama tunahitaji kusukumwa. Nilikuwa na uhakika wa jibu. Nilishaanza kupanga maneno ya kumfundishia dereva wangu uvumilivu. Tuliporudi nikainama kuitazama plasta. Mistari mitatu na nusu.

Nilipima tena kwa kidole. Mitatu na nusu.

"Njo ile kuku yako!" dereva alipiga kelele kwa furaha. "Imekunywa karibu sawa na mimi! Na barafu ya dawa ingeyeyuka njiani."

Alikuwa na haki ya kunicheka, na kuhusu barafu alisema kweli. Nilikaa kwenye jiwe kando ya chupa yangu nikafikiri, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuelewa, kwa sababu jibu halikuwa lile nililolitaka.

Injini ni kama moto wa jikoni. Kuni zinaliwa iwe bugali linaiva au chungu ni kitupu. Ukienda polepole mno kwa gia ndogo, injini inazunguka mara nyingi kwa hatua chache, na muda wote huo inakula. Ukienda kasi mno, unagombana na hewa. Aliyewahi kubeba kichwani mzigo mpana wa nyasi za kuezekea anajua: ukitembea, upepo haukusumbui, ukikimbia, mzigo unakuvuta nyuma kana kwamba kuna mtu ameushika.

Halafu kuna breki. Hilo alilieleza dereva mwenyewe, baada ya kumaliza kucheka. Walipita vijana wawili wakisukuma baisikeli iliyosheheni mabidoni ya mawese, nao kabla ya kilima kidogo waliharakisha hatua ili mwendo uwasaidie kupanda.

"Tazama wale," alisema polepole. "Mutu wa mawese hapendi kusimama. Akisimama, ile nguvu yote imekufa, anaanza kuinunua tena na jasho."

"Na wewe ukikamata breki?"

Alitazama mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua. "Mie naua nguvu kila shimo," alisema. "Halafu nainunua tena na esansi." Baada ya hapo aliniambia, "Shuka, mama. Yaani, panda. Safari hii uniachie mie mwenyewe."

Kwanza alijaza upepo kwenye magurudumu, kwa sababu gurudumu laini ni kama kutembea mchangani. Kisha akaondoka taratibu, akapandisha gia mapema, gia ya tatu, halafu ya nne, na hapo akautuliza mkono. Alitazama mbali. Shimo alilolijali sasa lilikuwa lile la mbele ya lililo karibu. Aliachia mafuta mapema, pikipiki ikapungua yenyewe, ikalizunguka, ikaendelea. Breki sikumwona akiigusa zaidi ya mara mbili. Injini haikulia wala haikunguruma.

"Inaimba," alisema bila kugeuka.

Mistari miwili.

Yeye ndiye aliyeinama kusoma safari hiyo, na alipoinuka uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona dhahabu kwenye karai lake. Alirudia njia ileile mara nyingine, peke yake, bila kuombwa, ili aone kama chupa itasema tena vilevile. Ilisema vilevile.

Mwezi uliofuata tuliondoka Kasongo na bidoni letu moja. Nilijua anavyoteseka: wenzake wa zamani walitupita wakipiga honi, na mmoja alimwita "baba mchungaji". Hata hivyo mkono wake haukufungua mafuta. Kijiji cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Baada ya Wamaza alilitikisa tangi, nami nikasikia mwenyewe: ndani mlikuwa na mawimbi.

Tuliupanda mlima kwa wimbo uleule mtulivu, tukaingia kijijini, akazima. Uwanja ulikuwa mtupu.

Hapakuwa na mama hata mmoja, wala mtoto. Alikuwepo bibi mmoja tu, akigeuza mihogo juu ya mkeka. Alitutazama kwa mshangao mkubwa.

"Mumekuja na miguu?"

"Hapana, bibi. Na pikipiki."

"Pikipiki gani? Wanawake wamesikiliza tangu asubuhi. Hakuna kitu kimelia. Wamesema mumekosa tena, wameshuka ku mashamba ya bondeni."

Nilikaa chini na kisanduku changu mapajani. Nilikumbuka maneno ya sokoni, yote, na jinsi nilivyoyasikia nusu tu. Kwa mwezi mzima niliwaza esansi. Sauti sikuiwaza. Mngurumo ule wa fujo uliotumalizia esansi ndio uliokuwa kengele ya kijiji kizima, na sisi tulikuwa tumeunyamazisha kwa bidii yetu yote.

Dereva alilitikisa tangi tena. Kisha akanitazama kama mgonjwa anayeomba ruhusa ya kula nyama.

"Mama munganga. Esansi ya kurudi iko. Na ya ziada iko."

"Basi ilewe," nilisema.

Aliteremka mpaka chini ya mlima. Kisha tukamsikia akipanda kama zamani, kama Salamabila, gia ndogo na mkono wote umefunguliwa, mlima ukimrudishia sauti yake. Bibi aliziba masikio akicheka. Alipofika juu aligeuka na kushuka tena, akapanda mara ya pili, na kabla hajazima niliona kwenye njia ya bondeni kitambaa chekundu cha kichwani, halafu jembe begani, halafu mtoto mgongoni, na nyuma yao wengine.

Mama kiongozi alifika wa kwanza, akihema.

"Njo hii!" alisema. "Hii tunaijua. Mulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, mama. Tumekuja kimya."

"Munganga anakuja kimya kama mwizi?" Alimwita binti yake alete kiti. "Mwezi ujao mulie tena. Musituchokoze."

Nilifungua kisanduku. Vipande vya barafu bado vilikuwa vigumu. Watoto walilia mmoja baada ya mwingine mpaka jua likaegemea upande wa pili, na nikaandika kadi zote, hata ya mapacha ambao mama yao alikuwa ametoka shamba la mbali zaidi.

Tulipokuwa tukiteremka kurudi, kwa mwendo wetu ule wa gia ya nne, dereva aliniuliza swali lililonifurahisha kuliko yote niliyosikia siku ile.

"Mama, ile kelele ya mulimani ilikunywa mistari ngapi?"

"Sijui."

"Chupa iko wapi?"

Ilikuwa kwenye mfuko wangu, na plasta yake bado imeshika.